Vijana wa kanisa kupanda gari kwenda kwenye maafa: wanasaidia, au pesa ya gari ingesaidia zaidi?

#1 Mzee wa Kibaoni (mleta mada)

Wakuu, salamu.

Usharikani kwetu hapa Arusha kuna mvutano na ningependa mawazo ya watu wa nje. Kamati ya diakonia, ile ya huduma kwa wenye shida, imependekeza iundwe timu ya kudumu ya vijana na akina mama. Yakitokea maafa kama yale ya maporomoko ya tope Hanang, Desemba 2023, timu ipande gari iende. Bajeti imeshaletwa: kukodi kosta, mafuta, chakula cha njiani, gambuti, sepeto, bima. Baraza la wazee limegawanyika, na mimi niko upande wa wanaopinga.

Sababu zangu. Kwanza, kutoka hapa mpaka Katesh, mji wa huko Hanang, ni zaidi ya kilomita 200. Mpaka tuchangishe, tukodi gari na kufika, waliokuwa hai chini ya tope wameshaokolewa au wameshakata roho. Pili, jeshi lina vijiko na makatapila. Vijana wangu wa kwaya na sepeto zao wataongeza nini? Tatu, pesa siku hizi inafika kwa simu kabla hujamaliza kusema amina. Fedha ya hiyo kosta ni magodoro, unga na sufuria kwa familia kadhaa.

Sipingi huruma ya mtu yeyote. Napinga kugharimia safari ya msaidizi kuliko kumgharimia msaidiwa. Anayeona tofauti anipe sababu.

#2 Chawote

Nakaa mbele kabisa. Hata kwetu Moshi hili lilizungumzwa kikao kizima na likaahirishwa.

#3 Dorkasi wa Mbeya

Mzee wa Kibaoni, shikamoo. Nikuulize jambo moja: ukifiwa, jirani akikutumia rambirambi kwa simu asikanyage kwako, utamwelewaje? Pesa yake utapokea, lakini utajua hakuja.

Sisi akina mama wa Dorkasi kazi yetu ndiyo hiyo, tunakwenda. Tukifika tunakoka moto, tunapika, tunafua nguo za watoto, tunakaa na mama aliyepoteza wanawe. Mambo hayo hayatumwi kwa simu. Hao wazee wenzako wanaotaka kutuma pesa tu, wawaulize wake zao kwanza.

#4 Kamanda wa Lami

Nakazia hoja ya mleta mada. Ule mlima Hanang ulilipuka, volkano ile. Unapeleka kwaya kwenye volkano? Hiyo ni kazi ya serikali na wataalamu.

#5 MtotoWaKatesh

Kamanda wa Lami, mlima haukulipuka. Hanang ni mlima wa volkano kwa asili yake, ndiyo, lakini kilichotokea tarehe 3 Desemba si mlipuko. Wataalamu wa serikali walieleza palepale: mvua ilikuwa kubwa mno, sehemu ya mlima yenye miamba laini ikanyonya maji, ikazidiwa, ikameguka. Tope likashuka na mawe na magogo kwa njia ya mito. Watu 89 walipoteza maisha. Tusirudishe tena uvumi wa volkano, ulitutesa sana wakati ule. Watu walikuwa wanaogopa hata kurudi kuchukua mbuzi wao.

Sasa nimjibu mleta mada, maana mimi ni mtu wa pale.

Ilikuwa Jumapili alfajiri, Majilio ya kwanza. Wengine walikuwa wanajiandaa kwenda ibada. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa pale kuongoza kuaga miili. Jeshi lilifika, na kazi waliyoifanya wale vijana wa JWTZ sitaisahau. Kwa uokoaji, Mzee wa Kibaoni uko sahihi, kosta yenu isingewahi.

Lakini umesahau kitu kimoja: nyumba zilizobaki zimesimama. Kijiko hakiingii chumbani. Barabara ya Singida kwenda Babati ilisafishwa mapema kwa sababu ni barabara kuu, na soko nalo vivyo hivyo. Nyumba ya bibi mjane, tope limejaa hadi dirishani na ndani kuna kabati na vitanda, hiyo inasafishwa kwa sepeto na toroli na mgongo wa mtu. Tope likikaa wiki mbili linakuwa gumu, unalikata kwa sururu. Kwa shangazi yangu walikuja vijana wa parokia ya jirani, hata majina yao hatukuyajua, wakachota tope kutwa nzima. Mwisho wakaosha kuta kwa maji ya ndoo. Pesa ya magodoro ingewekwa wapi kama chumba kimejaa tope?

#6 Mzee wa Kibaoni

MtotoWaKatesh, pole sana kwa yaliyowapata, na asante kwa maelezo. Hapo kwenye nyumba umenipa hoja. Lakini angalia: parokia ya jirani. Hao hawakukodi kosta, walitembea. Kwa nini makanisa ya mbali yasiwatumie pesa makanisa ya jirani, waongeze sepeto na chakula cha wachimbaji?

#7 Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi kwenye kamati za maafa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niwaeleze upande ambao watu wa makanisani huwa hawauoni.

Maafa yakitokea, mwenye mamlaka wilayani ni Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya, mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya. Ipo kwenye Sheria ya mwaka 2015. Juu kuna mkoa, juu zaidi Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini kuna kamati za kata na vijiji. Msaada ukipita hapo unajulikana umekwenda wapi.

Sasa fikiria siku ya tatu. Kamati inahesabu waathirika shuleni, inatafuta maji, inasajili waliopotea. Inaingia basi ya kwaya, watu arobaini wamevaa fulana mpya. Hawakutoa taarifa. Wanauliza: tulale wapi? Choo kiko wapi? Kiongozi wao anataka kukabidhi mwenyewe mbele ya kamera. Viwango vinavyotumika duniani kwenye kambi za dharura vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisizidi watu 20. Watu arobaini ni vyoo viwili na lita 600. Je, wamekuja navyo? Kama hawakuja navyo, wamechukua vya waathirika.

Sisemi wasije. Nasema kundi linalokuja na hema lake, maji yake, chakula chake, na barua yake iliyotangulia kwa Mkuu wa Wilaya siku mbili kabla, hilo ni jeshi. Kundi lisilo na hayo ni kambi nyingine ya wahitaji.

#8 Wakili Kijana

Mzee wangu Afisa Mstaafu, sahihisho dogo kwa heshima. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022. Ile ya 2015 ilifutwa na hii. Mfumo wa kamati ulioueleza uko vilevile, Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti ngazi ya wilaya.

#9 Muuguzi wa Zamu

Naongezea la afya, maana hakuna aliyeligusa. Anayeingia kwenye tope la mafuriko ana hatari tatu kubwa. Misumari, mabati na vioo viko ndani ya tope, kwa hiyo pepopunda. Maji yamechanganyika na vyoo vilivyobomoka, kwa hiyo kuhara na kipindupindu. Na mikojo ya panya na mifugo imo humo, kwa hiyo homa ya mgunda, ile iliyotushtua Lindi mwaka 2022. Mtu mwenye kidonda mguuni akiingia peku anajipeleka mwenyewe.

Timu yoyote ya kanisa ihakikishe watu wake wamechanjwa pepopunda kabla, gambuti zenye soli ngumu, glavu nene, dawa ya kutibu maji. Kila jioni kukagua miguu. Nimewahi kuhudumia wahudumu wa kujitolea waliolazwa kituo kilekile cha waathirika, wakagombea dripu chache zilizokuwepo.

Na la pili: roho. Kijana wa miaka 20 anayefukua mwili wa mtoto anarudi nyumbani na kitu ambacho hajui kukitaja. Halali, anashtuka, anagombana na watu. Kanisa linamwombea na kumpigia makofi Jumapili, basi. Nani anamfuatilia mwezi unaofuata?

#10 Bi Mkubwa Singida

Nimesoma mpaka hapa, wanaume wote mmechangia na hakuna hata mmoja aliyetaja taulo za kike. Mwanamke aliyekimbia na nguo aliyovaa, anapata siku zake ndani ya darasa lenye watu sitini. Mnamletea mahindi.

Wakati wa Hanang kigango chetu kilikuwa kituo cha kukusanyia. Nguo zilikuja viroba kwa viroba. Tukafungua: viatu vya kisigino, suti zisizo na vifungo, nguo za ndani zilizokwishavaliwa, gauni la harusi. Tulitumia siku nzima, akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) wasiopungua kumi, kuchambua mitumba ambayo nusu yake ilichomwa. Siku hiyo tungekuwa tumepika. Anayetoa atoe kitu ambacho yeye mwenyewe angekivaa kesho.

Vilivyokuwa havipo na vinatafutwa: taulo za kike, nguo mpya za ndani za saizi zote, ndoo zenye mfuniko, mabeseni, sufuria kubwa, chumvi, viberiti, vyandarua, kanga. Kanga hasa. Inafunika maiti, inabeba mtoto, inakuwa pazia la kuogea.

#11 Chawote

Bi Mkubwa umetupiga na tumekubali. Kanga nimeiandika ya kwanza kwenye orodha ya jumuiya yetu.

#12 Njoro254

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Huku Kenya tuliyaona Mai Mahiu, Aprili 2024, wakati Bwawa la Old Kijabe lilipopasuka usiku likafagia kijiji cha Kamuchiri. Makanisa yalikuja mengi sana. Walionusurika walikuwa wamepewa hifadhi katika Shule ya Wasichana ya Ngeya, na kwa kweli chakula hakikukosa siku za kwanza.

Kilichoniuma ni kundi moja, silitaji jina, lililokuja na vipaza sauti likaweka mkutano wa injili mbele ya watu ambao hawajazika. Mhubiri anasema hii ni hukumu ya dhambi. Nilikuwa nimesimama na mzee aliyepoteza mke na wajukuu. Mzee aliondoka polepole akaenda kukaa nyuma ya choo asisikie. Kama timu za kanisa ni za namna hiyo, afadhali wabaki kwao watume unga.

#13 Wanjiku wa Gilgil

Njoro254, pole kwa hayo. Ila rekebisha: halikuwa bwawa. Habari za asubuhi ile ndizo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli, njia ya maji chini ya reli ikazibwa na takataka na mchanga, kisha tuta likaachia. Ni muhimu kusema kwa sababu watu wanaoishi chini ya matuta kama hayo wanafikiri wako salama kwa kuwa hakuna bwawa karibu nao.

#14 Mwana wa Muhoro

Assalam alaykum na habari zenu. Mimi Mwislamu, niruhusuni niseme kwa upande wa anayepokea.

Mafuriko ya Rufiji ya 2024 yalituondoa Muhoro. Mashamba ya mpunga, nyumba, vyote chini ya maji. Sisi wengi wetu kule ni Waislamu na misikiti ilikuja, mashirika ya Kiislamu yalikuja, na makanisa yalikuja. Walionihudumia mimi na mama yangu walikuwa watu wa kanisa na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Walitupimia unga, maharage, mafuta, wakatupa chandarua. Mmoja alimsaidia mama kupata sehemu ya kuswalia pakavu. Namwombea mpaka leo.

Lipo kundi jingine lililotutaka tukae chini, lisome sala yao kwanza, ndipo tupange foleni. Tulikaa, maana njaa haina kiburi. Chakula kile tulikila kwa uchungu. Tofauti ya makundi hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti ya kosta na pesa ya simu mnayoijadili.

#15 Katekista

Mwana wa Muhoro, wa alaykum salaam, na pole. Nakubaliana nawe kwamba chakula kisitangulizwe sala kama sharti. Utaratibu wa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, na mashirika mengi ya kanisa unakataza kabisa kumbagua au kumlazimisha mpokeaji kwa dini yake.

Lakini nisingependa tufike mahali pa kusema mtumishi asiombe kabisa. Njoro254, yule mzee wako alihitaji mtu wa kukaa naye kimya, na pengine baada ya siku mbili angeomba mwenyewe sala. Nimeshuhudia waliofiwa wakitufuata hemani usiku kuomba tuwaombee. Kwenye mazishi ya watu wengi kwa pamoja nani atasimama kaburini? Askari wa kijiko? Kwa kazi hiyo ya kuzika na kufariji, mchungaji na sheikh ndio wataalamu.

#16 Kamanda wa Lami

Katekista hapo nakuunga mkono. Ila bado sijaona kwaya inaingia wapi.

#17 Kivu Yetu

Jambo bandugu. Niko Bukavu, Kongo. Ninyi munajadili kama kanisa liende ao libaki kwa sababu kwenu kuna jeshi lenye vijiko. Kwetu Kalehe, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji yalishuka milimani yakapiga Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, watu wametoka vijiji vyote. Zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena hata leo.

Ni nani alizika? Wanakijiji, Msalaba Mwekundu, na watu wa makanisa. Kwa mikono. Mashine hazikuwepo. Vijana wa parokia na wa makanisa ya Kiprotestanti walibeba miili kwa machela ya miti. Hospitali ya Panzi, ambayo ni ya kanisa, ilituma waganga wake. Kama kanisa lingengoja kamati, mbwa wangefika mbele. Kwa hiyo usiweke sheria moja kwa kila mahali. Pahali serikali iko mbali, kanisa ndilo la kwanza na la mwisho.

#18 Afisa Mstaafu

Kivu Yetu, poleni sana. Hoja yako ni nzito na siwezi kuipinga kwa mazingira yenu. Nilichoeleza kinahusu mahali ambapo kamati ipo na inafanya kazi.

#19 Mkaazi wa Carolina

Niko Marekani, North Carolina, nasali na Wakongo na Watanzania, ibada kwa Kiswahili. Kimbunga Helene kilipotupiga Septemba 2024, milima ya magharibi ya jimbo letu iliporomoka, barabara zikakatika. Kusanyiko letu liliomba kwenda. Tukajibiwa: karibuni, lakini mfanye mafunzo kwanza. Nikawaza hawa wanatuzungusha. Baadaye nilielewa.

Huku makanisa yameifanya hii kazi kuwa fani. Wamenoni, dhehebu la Kikristo, wana shirika lao la maafa tangu 1950, lilianzia Kansas. Wabaptisti wa Kusini wanajulikana kwa fulana za njano. Wana majiko ya kwenye matrela yanayopika maelfu ya sahani kwa siku, na Msalaba Mwekundu unagawa chakula hicho. Kila kundi lina kazi moja. Kundi la misumeno ya moto linakata miti tu. Kundi la tope linatoa tope, linabandua mbao za ukuta zilizolowa, linapiga dawa ya ukungu. Hakuna anayefanya kila kitu. Wanalala sakafuni kanisani, wanaleta chakula chao, anayewapokea haingii gharama.

Na kuna jambo la kihasibu ambalo Mzee wa Kibaoni utalipenda. Saa za kazi za wahudumu wa kujitolea zinaandikwa kwenye daftari, kila mtu na muda wake. Serikali ya mtaa inaweza kuzihesabu kama sehemu ya mchango wake inapoomba fedha za shirikisho. Kwa hiyo sepeto ya kijana wa kanisa inageuka kuwa pesa ya daraja.

Kingine: Wamenoni wanakuja kujenga wakati wengine wameondoka. Mwaka wa pili, wa tatu, bado wako kijijini wanapiga misumari.

#20 MtotoWaKatesh

Mkaazi wa Carolina, hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta. Desemba ile Katesh ilijaa magari ya makanisa, mashirika, makampuni, wasanii. Februari hakukuwa na gari. Shule zilifunguliwa kwa hiyo watu walihitaji kutoka madarasani. Walioanza kupanga vyumba kodi ikawaelemea. Serikali iliahidi nyumba na ikajenga kweli, zaidi ya mia moja, kule Waret, JKT na Msalaba Mwekundu wakishiriki. Lakini katikati hapo, kati ya hema na funguo, familia zilikaa miezi mingi kwa ndugu na kwenye vyumba vya kupanga. Mtoto anahitaji sare, baba hana ng'ombe wala duka. Kipindi hicho ndicho kanisa la Arusha lingekuja na kosta yake na lingekuta kazi tele na nafasi tele ya kulala.

#21 Fundi Mwashi

Wote mnazungumza kama vile mikono ya bure haina hasara. Mimi ni fundi. Baada ya tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 nilikuwa Kagera nikitafuta kazi. Nyumba nyingi zilipasuka, shule kama Ihungo na Nyakato zilifungwa. Kazi ya ujenzi ilikuwepo. Kundi la kujitolea lilikuja, likajenga kuta za bure kwenye kijiji kimoja. Kuta zilipinda, hazikufungwa renta, ule mkanda wa zege unaoshika kuta. Mwenyeji hakuweza kusema neno kwa sababu ni msaada. Fundi wa kijiji aliyebomokewa na yeye alikaa pembeni akiangalia kazi yake ikifanywa na wanafunzi wa chuo.

Pendekezo langu: pesa ya kosta iwalipe waathirika wenyewe. Mpe mtu aliyepoteza kila kitu kibarua cha kutoa tope kwenye mtaa wake, umlipe kila jioni. Tope linatoka, na ananunua unga anaoutaka kwenye duka la jirani yake ambalo nalo linafufuka. Ninyi mnakuja na unga kutoka Arusha, mwenye duka wa Katesh anauza nini?

#22 Dorkasi wa Mbeya

Fundi, mtu aliyetoka kuzika jana unampa kibarua leo? Mwache kwanza alie. Kwa mwezi wa pili na wa tatu nakubaliana nawe kabisa, lakini wiki ya kwanza mwili wake hauna nguvu hata ya kushika kijiko cha uji.

#23 Fundi Mwashi

Bi Dorkasi, si wote wanaolia kwa kukaa. Wapo wanaoomba sepeto siku ya pili kwa sababu wakikaa wanaona picha. Waulizwe wenyewe.

#24 Muuguzi wa Zamu

Fundi yuko sahihi hapo, nimewaona wa aina hiyo. Kazi huwasaidia. Ila iwe hiari na iwe na mapumziko.

#25 Kijana wa Kwaya

Nimesubiri wazee wamalize. Mimi ni mmoja wa hao wa kwenye kosta.

Tulikwenda Hanang baada ya Krismasi, kundi dogo, usharika wetu si wa mleta mada. Mwinjilisti wa kule alituandalia kazi: kusafisha darasa, kuchimba mfereji, kucheza na watoto mchana ili mama zao wapumzike. Tulilala kwenye jengo la kanisa, tulibeba mahindi yetu. Hatukupiga picha na mtu yeyote aliyekuwa analia, kiongozi wetu alitukataza tangu tuko kwenye gari.

Mleta mada anahesabu pesa ya gari, naomba ahesabu na iliyofuata. Kabla ya safari usharika ulichangia kidogo sana. Tuliporudi tukasimama kanisani tukaeleza majina ya vijiji, Gendabi, Jorodom, hali ya watoto, changizo la mara ya pili lilizidi la kwanza mara kadhaa, na likaendelea mwezi baada ya mwezi, ada za watoto wawili zinalipwa mpaka sasa. Watu hutoa kwa kilio walichokisikia kwa mtu wanayemjua. Bila gari lile, hiyo pesa ya simu mnayoisema isingetumwa.

#26 Mzee wa Kibaoni

Kijana wa Kwaya, umezungumza vizuri na ninakupongeza. Nimewasoma wote na nitakwenda na maneno yenu kwenye baraza.

Msimamo wangu wiki ya kwanza haujabadilika: pesa iende kwa kanisa la jirani na kwa kamati, watu wabaki. Lakini nitapendekeza kosta ipangwe kwa mwezi wa tatu, kwa mwaliko wa usharika wa mahali pale, kundi lisizidi watu kumi na wanane, na nusu ya bajeti iwe ya vibarua kwa waathirika kama alivyosema Fundi.

#27 Bi Mkubwa Singida

Mwezi wa tatu? Mzee, nakuheshimu, lakini harambee ya maafa isipofanyika wiki ambayo moyo bado ni moto, mwezi wa tatu fedha hiyo itakuwa imenunua vipaza sauti vya kanisa. Changisheni wiki ya kwanza na mfungie akaunti tofauti.

#28 Dorkasi wa Mbeya

Nakazia. Na akina mama wa kupika waende wiki ileile ya kwanza, wachache. Hilo siliachii.

#29 Afisa Mstaafu

Wachache, wenye barua, wenye sufuria zao na kuni zao. Hapo tumekutana nusu njia.

#30 Wakili Kijana

Mzee wa Kibaoni, kwenye baraza usisahau hili. Gari likipinduka njiani au kijana akiangukiwa na ukuta, nani anawajibika? Bima ya gari la abiria haimfuati mtu akiwa kwenye tope. Kila anayekwenda asaini fomu, aandike mtu wa kumpigia simu, kundi lake la damu na dawa anazotumia. Usharika ukate bima ya ajali ya kundi.

#31 Kijana wa Kwaya

Wakili, hiyo fomu unaweza kuiweka hapa? Na kwenye kwaya tuna sauti ya kwanza wawili wa miaka 17, wazazi wao wameshakubali kwa maandishi.

#32 Wakili Kijana

Fomu nitaipandisha jioni nikitoka mahakamani. Wa miaka 17 wasiende kwenye tope hata kama wazazi wamekubali. Wapewe kazi ya kuchambua na kufunga mizigo kanisani, na Bi Mkubwa amewaeleza humu kazi hiyo ilivyo.

#33 Kamanda wa Lami

Mkiipandisha hiyo fomu naomba nakala. Kanisani kwetu hatuna hata orodha ya nani ana kundi gani la damu.